Mtoto Asiyelia

Julai 20

Watawa wameingia mtaani asubuhi ya leo, miguu mitupu, nguo zao nyeupe zimeloa hadi magotini. Watakaa nasi miezi yote minne ya mvua, wasije wakatembea barabarani wakakanyaga viumbe wanaozaliwa matopeni. Mkubwa wao ni Nirvedashri Maharaj Saheb, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Nilimweleza nia yangu. Mvua zikiisha nataka kuanza mfungo wa mwisho, niache chakula, kisha maji, hadi mwili uanguke wenyewe. Nina miaka themanini na moja. Moyo umevimba, miguu imekufa ganzi, ulimi unawaka kama nimelamba chokaa. Katika mtaa wetu wa Ahmedabad hakuna aliyekufa kwa heshima hiyo tangu mama mkwe wangu.

Hakusema ndiyo wala hapana. "Masharti unayajua, Hasumati. Kila mtu wa nyumba yako akupe ruhusa kwa mdomo wake. Kila uliyemkosea akusamehe. Na uandike makosa yako kila siku, bila kuyapaka rangi. Ukingoja mwisho utayasahau kwa makusudi."

Nilifundisha kemia shule ya wasichana hadi nilipostaafu. Kuandika bila rangi ni kazi yangu. Tuanze: leo sikumkosea mtu.

Julai 21

Kumbe jana nilimwita mkwe wangu "binti wa viazi" mbele ya jirani yetu Champaben. Rujuta kwao hula viazi, vitunguu, karoti, kila kitu kinachong'olewa na mzizi wake. Sisi, kwa dini yetu, hatung'oi. Kiazi kimoja kina roho nyingi kuliko mtaa huu. Ameolewa na mwanangu Parimal mwaka wa nne sasa, na bado akipita kwa muuza viazi vya kukaanga pua inageuka yenyewe.

Champaben alicheka. Rujuta naye alicheka, kwa adabu. Nilimwona meno, macho sikuyaona.

Julai 24

Mvua kutwa. Choroko na chapati. Mboga za majani tumeziacha hadi msimu uishe, zimejaa wadudu.

Julai 29

Maharaj Saheb ameniuliza kwa nini nyumba yetu haitumii maziwa, wakati watawa wenyewe wanakunywa. Nilimwambia.

Miaka mitatu iliyopita nilikwenda kwenye zizi la ng'ombe nje ya jiji, lile linalouzia maziwa mtaa wetu. Nyuma ya zizi walikuwa ndama madume, wamefungwa kamba fupi, mbavu nje. Dume halina faida, halipewi maziwa ya mama yake. Mmoja alininyonya kidole. Nilirudi nyumbani nikamwaga maziwa, mtindi na samli. Jumapili iliyofuata nilisimama ukumbini mbele ya watu wote nikasema: anayekula mimea hapungukiwi na kitu, mimi nimesoma sayansi, niulizeni mimi. Nyumba nyingi zilinifuata. Walinivisha shada la maua. Hadi leo vijana wanakuja kupiga picha nami.

"Na mkwe wako alikubali?" akauliza Maharaj Saheb.

"Alikuwa ndiyo kwanza ameolewa," nikajibu. "Hakuwa na la kukubali."

Julai 31

Rujuta amempeleka Agam kwa Daktari Trivedi kupima uzito. Agam ni mjukuu wangu, wa pekee, miezi saba. Daktari amesema mtoto amepauka, na mama yake naye amepauka. Akauliza wanakula nini. Alipoambiwa hatuna maziwa alipandisha miwani, akamwandikia Rujuta vidonge vya vitamini B12, vya rangi mbili, nusu nyekundu, nusu nyeusi. Akishapata mama, mtoto atapata kwa kunyonya.

"Daktari anasema nimeze kila siku, Ba, nisiruke hata moja," Rujuta aliniambia, akiniita mama kama mwanangu anavyoniita. Alikuwa amevishika kama mtu aliyepewa zawadi.

"Lete niangalie," nikasema.

Agosti 1

Hili si kosa, naliandika kwa sababu nimeambiwa niandike kila kitu.

Ganda la kapsuli ni jelatini. Jelatini ni mifupa na ngozi za ng'ombe, zimechemshwa. Imeandikwa pale pale kwenye karatasi, kwa herufi ndogo, na mkwe wangu mwenye digrii ya biashara hakuisoma. Nilimwambia Parimal tu, naye akasema, "Ba, fanya unavyoona." Ni jibu lake la siku zote, tangu yuko darasa la kwanza.

Nilivichukua vyote, nikavizika kwenye chungu cha asumini barazani, nikavisomea sala. Nikampa Rujuta vidonge vya mitishamba vya kijani, vya mviringo, vya kuongeza damu.

"Nimevibadilisha dukani," nikamwambia. "Dawa ni ile ile, ila hivi ni safi."

"Asante, Ba," akasema, akanigusa miguu.

Agosti 6

Mvua. Ukuta wa jikoni umeota ukungu.

Agosti 13

Champaben alikaa na Agam mapajani tangu baada ya chakula hadi saa ya chai, mtoto hakutoa sauti. "Dada, huyu wako si mtoto wa kawaida," akasema. "Wangu alikuwa analia hadi mapaa yanatikisika. Huyu anakuangalia tu. Ametulia kama mtu aliyemaliza mambo yake."

"Baba yake alikuwa hivyo hivyo," nikasema, ingawa si kweli.

"La. Baba yake alikuwa mpole. Huyu ni mtawa. Huko alikotoka alikuwa mtawa, akafa na tendo dogo halijaisha, karudi kulimalizia."

Niliona Rujuta amesimama mlangoni na sahani. "Wiki iliyopita alikuwa anacheka nikimpulizia tumbo," akasema. "Siku hizi nampulizia, hacheki."

"Utawa hauendi na kupuliziwa matumbo," nikamjibu. Champaben alicheka sana hadi akakohoa. Nilifurahi siku nzima kwa jibu lile.

Agosti 19

Ugomvi. Agam alikuwa anaweza kukaa mwenyewe. Leo Rujuta amemkalisha mkekani, akaanguka upande kama mto. Akamkalisha tena. Akaanguka tena, macho wazi, halii.

"Alikuwa anakaa, Ba."

"Anakaa akitaka."

"Alikuwa anakaa. Nina picha."

"Basi kaa na picha."

Akataka kurudi kwa daktari. Nikamwambia mvua hii na mtoto mdogo, barabarani maji yamefika magotini, atampatia homa ya kweli kwa kuikimbilia ya kufikirika. Akamgeukia mumewe. Parimal alikuwa anakunja mwavuli. Aliukunja, akaukunjua, akaukunja tena.

"Wewe unasemaje?" Rujuta akamuuliza.

"Ngoja mvua ipungue kidogo."

"Nimekuuliza wewe, si mvua."

Baadaye alisema jambo lililoniudhi. Alisema vidole vya miguu vinamfa ganzi, anaungua ulimi, na akisimama haraka nyumba inazunguka. Nilimwambia mimi ninayo yote hayo na nina miaka themanini na moja, wala sipigi kelele.

Agosti 22

Habari zimeenea. Asubuhi walikuja wanawake saba au wanane kumwona mtoto asiyelia. Mmoja alikuja na mkwe wake mjamzito, wakamgusisha tumbo miguu ya Agam. Niliwapa chapati kavu na maji yaliyochemshwa. Wakamsifu bibi kabla ya mtoto. Wanasema nyumba isiyogusa hata maziwa ndiyo iliyomvuta mtu wa namna hii azaliwe humo.

Nilimwogesha mwenyewe. Vifundo vya vidole vyake vimekuwa vyeusi, kama vimepakwa masizi. Nilisugua. Havikutoka.

Agosti 26

Tulimpeleka kwa Maharaj Saheb. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ana macho ya mtu aliyechoka." Wanawake wakaguna kwa heshima. Njiani Champaben alifafanua kwa kila tuliyekutana naye: amechoka na dunia, amechoka na kuzaliwa na kufa.

Rujuta alibaki nyuma. Alikuwa anatembea ameshika ukuta.

Agosti 31

Siku zetu nane tukufu za mwaka zimeanza. Ukumbini wanawake walikuwa wanatangaza watakavyofunga. Huyu siku zote nane bila chakula, yule siku tatu. Walipofika kwa Rujuta alisema ananyonyesha, hatafunga. Ni haki yake. Hakuna aliyemlaumu.

Mimi nikasema, si kwa sauti kubwa, "Mwacheni. Watu wa viazi tumbo ndilo linalowasemea."

Kicheko kilipita ukumbi mzima. Akainuka, amewiva uso, akasema atakula mlo mmoja tu kwa siku kwa siku zote nane, bila mafuta wala chumvi. Wakampigia makofi. Nikampigia na mimi.

Septemba 4

Maziwa yake yamepungua. Agam ananyonya, anaacha, anaangalia dari. Uji wa mchele anautema. Nywele zake zimekuwa chache, zimegeuka rangi ya kahawia.

"Nivunje mfungo, Ba?"

"Umetangaza mbele ya watu."

"Ndiyo, lakini—"

"Mwanangu, mimi sijakufunga kamba. Uvunje ukitaka. Nitawaambia wote kwamba ilikushinda."

Hakuvunja.

Septemba 7

Siku ya msamaha. Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Tulimvika Agam nguo nyeupe, nikamkalisha mbele, ameegemea mto, ili watu wamwone.

Katikati ya sala mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Si sana. Kidole gumba kilikuwa kinagonga kidole cha shahada, kinagonga, kinagonga, bila kupumzika. Champaben ndiye aliyeona kwanza.

"Tazameni," akanong'ona. "Anavuta tasbihi."

Neno likapita mstari kwa mstari. Anavuta tasbihi, anavuta tasbihi. Mtu alianza kuimba, wote wakadakia, akina mama wanafuta machozi, wanaume kule upande wao wanasimama ili waone. Kidole kikaendelea kugonga. Kichwa nacho kikaanza kutikisika, kidogo kidogo, kama mtu anayekubali. Mwanamke mmoja akavua bangili yake akaiweka miguuni mwake.

Nikaunganisha viganja na kuimba pamoja nao.

Rujuta alipenya katikati ya watu, akamnyakua. Akaushika ule mkono ndani ya mkono wake. Ukaendelea kutetemeka ndani. Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo, hata na wanafunzi niliowafelisha.

Sala ilipoisha tuliombana msamaha kama kila mwaka, kila mtu kwa kila mtu, michhami dukkadam, makosa yangu na yafutike, huku na kule. Nilimfuata Rujuta mlangoni. Nikaunganisha viganja. "Kama nimekukosea, kwa wazo, kwa neno au kwa tendo, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe."

"Nimekusamehe, Ba," akasema harakaharaka, mtoto begani, akatoka mvuani. Parimal akamfuata na mwavuli ambao haujafunguliwa.

Septemba 9

Agam amelazwa hospitali. Nimekaa peke yangu nyumbani tangu juzi. Leo alasiri Rujuta amerudi kuchukua nguo. Aliingia na viatu hadi mlango wa jikoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Ba, daktari ameniuliza vidonge vyangu vina rangi gani."

Nilikuwa napepeta choroko. Niliendelea kupepeta.

"Nikamwambia kijani, vya mviringo. Akaniuliza tena, polepole, kama mtu anayesema na kichaa. Kijani? Nikamwambia ndiyo, mama mkwe alivibadilisha dukani. Akaandika kitu, akaniuliza duka gani."

"Madaktari wanapenda kuuliza."

"Vyangu viko wapi?"

"Nimevizika."

"Umevizika."

"Kwenye chungu cha asumini. Ganda lake ni mifupa ya ng'ombe. Mifupa siwezi kuitupa jalalani. Nilivisomea sala."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyepigwa kwenye kiwiko. "Ng'ombe amepata mazishi. Mwanangu umemvika nguo nyeupe, ukamkalisha akitetemeka ili watu wamwimbie."

"Usinipandishie sauti."

"Sijapandisha." Na kweli hakuwa amepandisha. "Daktari anasema kwenye damu yake vitamini hiyo haimo. Hata kidogo. Anasema ubongo wake ulikuwa unafa njaa. Hajalia kwa sababu hakuwa na nguvu ya kulia, Ba. Si mtawa. Alikuwa na njaa."

Nilisema, "Nilifanya nilichoona ni safi."

"Juzi ulikuja kwangu umeunganisha viganja. Uliomba msamaha wa nini?"

"Wa yote. Kwa kujua na kwa kutojua."

"Hili lilikuwa lipi kati ya hayo mawili?"

Niliutikisa ungo. Alingoja. Maji ya mvua yalikuwa yanadondokea ndoo ya barazani.

"Basi ule msamaha nimeuchukua," akasema. "Nilikupa, nimeuchukua."

Akafungasha nguo za mtoto, akatoka. Alama za viatu vyake zimebaki sakafuni. Nimekuwa nikizitazama. Siwezi kuinama kuzifuta.

Septemba 12

Nilibebwa kwa kiti hadi ukumbini. Nikamuuliza Maharaj Saheb: msamaha uliokwisha kutolewa siku ile tukufu, unaweza kuchukuliwa tena? Katika miaka yangu yote sijasikia.

Aliniuliza habari yote. Nikampa kwa ufupi. Akasema, "Alikusamehe alichokuwa anakijua. Asichokijua hakukutolea. Hajachukua kitu, Hasumati. Hukuwa umepewa."

Kisha akasema, "Na mimi hujanipa yote. Nimewasikia wengi. Nenda kaandike."

Septemba 14

Basi na iwe hivi.

Ile vitamini haitoki kwenye mmea wowote. Si choroko, si ufuta, si mboga ya majani hata ukila gunia. Inatengenezwa na bakteria, na mtu huipata kwa mnyama au kwa maabara. Nilijua kabla sijamwaga maziwa. Nilikuwa nimesoma. Siku ile ukumbini, nikiwa na shada la maua shingoni, nilijua kwamba sentensi yangu ina tundu, na nikaisema kwa sababu ilikuwa inapendeza masikioni. Nilijiambia wengine watakuwa na akiba ya kutosha mwilini. Akiba hukaa miaka. Sikufikiri juu ya mtu atakayezaliwa ndani ya miaka hiyo, bila akiba.

La pili. Kapsuli ina ganda na ina unga. Jelatini iko kwenye ganda. Unaivuta pande mbili, unamimina unga kwenye kijiko, unalitupa ganda. Unga haukuwa na mfupa ndani yake. Hata msichana wa kidato cha pili angeliona hilo, na nikiulizwa hospitalini nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba halikunijia akilini.

Lilinijia. Siku ile ya kwanza ya Agosti nilikuwa nimeishika ya kwanza kati ya vidole viwili, nimeshaanza kuizungusha, nusu nyekundu imeanza kutoka. Nikairudisha. Kama angemeza ule unga, akapata rangi mashavuni, mtoto akanenepa, kila nyumba iliyonifuata ingeuliza kwa nini. Nilitaka asitawi bila kitu hicho. Nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka asitawi.

La tatu. Nilipoona vile vifundo vyeusi kwenye beseni la kuogea niliujua ugonjwa, si kwa jina, lakini niliujua. Niliendelea kupokea wageni.

La nne. Siku ya kidole, nilijua kabla ya Champaben. Niliona mkono wa mtoto unatikisika kwa njaa ya ubongo, na watu mia tatu wanalia kwa furaha. Nilikuwa na neno moja la kusema. Niliimba. Niliimba vizuri, maana sauti ndiyo kitu pekee kilichonibakia, na mtu aliye karibu yangu aligeuka kunisikiliza, nikapandisha kidogo.

Mkono wangu umechoka. Yaliyobaki ni madogo. Nilimchekesha Champaben kwa mkwe wangu. Sikumpenda Rujuta kwa sababu mwanangu alikuwa akicheka chumbani kwao.

Septemba 23

Wamerudi. Agam analia.

Analia alfajiri, analia akioga, analia akiona kijiko. Analia kwa mapafu yote, mshipa wa shingo umesimama. Wanamchoma sindano kila baada ya siku chache. Kutetemeka kulizidi wiki ya kwanza, Parimal anasema, hadi walidhani wanampoteza, sasa kunapungua. Rujuta naye anachomwa.

Chumba chao kimefungwa komeo kwa ndani. Nilisimama nje ya mlango nikisikiliza. Parimal alipotoka aligongana nami.

"Nimshike kidogo tu," nikamwambia.

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakusema fanya unavyoona. Alisema, "Hapana, Ba."

Septemba 27

Champaben alikuja, akakaa kidogo, akamsikia. "Kumbe ni mtoto tu," akasema, kama mtu aliyeuziwa kitambaa kikachuja rangi. Bangili ya yule mwanamke ilikwisha kurudishwa kwake. Alituma mtu kuifuata. Wageni hawaji tena.

Nilimweleza Champaben yote, yale manne, maana Maharaj Saheb ameniamuru niyaseme kwa mdomo kwa kila aliyekuwa ukumbini. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Dada, mimi na viungo vyangu hivi vinavyouma," akasema, "na wajukuu wangu wawili hawana maziwa miaka mitatu. Kwa neno lako."

Aliondoka bila kunywa chai. Jioni niliona mtu wa maziwa amesimama mlangoni kwake.

Oktoba 5

Rujuta amepika viazi. Kwenye jiko langu, kwenye sufuria yangu, na haradali na bizari, mlango wazi. Parimal alikula. Niliwasikia wakicheka chumbani.

Oktoba 11

Mvua za mwisho. Daktari Trivedi huja nyumbani kumchoma mtoto. Leo nilimngoja barazani nikamuuliza. Ni mtu wa maneno machache nami tangu lile la vidonge.

"Atakaa. Atatembea, nadhani, akichelewa kidogo," akasema. "Maneno ndiyo sijui. Wengine huanza na miaka mitatu, wengine minne. Wengine hubaki na maneno machache. Wengine hayaji kabisa. Ubongo ulikuwa unajengwa, na mjenzi akanyimwa matofali. Wewe ni mwalimu wa kemia, unaelewa."

"Naelewa."

"Ndiyo. Hicho ndicho nisichokielewa mimi."

Oktoba 20

Watawa wataondoka mwezi ujao. Leo niliwaita wote wawili sebuleni kuomba ruhusa ya mfungo wa mwisho. Nilivaa nguo nyeupe. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi ya Parimal, na yalikuja. Aliinamisha kichwa kwenye magoti yangu, akasema kama hiyo ndiyo nia ya Ba, yeye ni nani, anatoa.

Kwa Rujuta nilijiandaa vilevile. Nilidhani atatoa kwa furaha. Nilidhani hata atauliza naanza lini. Niliyasema makosa yangu manne mbele yake, moja moja, pamoja na lile la kuizungusha kapsuli. Alisikiliza akikunja nepi. Alipofika mwisho wa kitita akaniangalia.

"Mimi nakupa ruhusa, Ba."

Nikaunganisha viganja.

"Lakini mimi si wa mwisho. Kila mtu wa nyumba, kwa mdomo wake. Si ndiyo sharti?"

"Ndiyo."

"Basi Agam hajasema."

Parimal akainua kichwa. "Rujuta, mtoto ana miezi kumi."

"Tutangoja akue. Ba amemkosea yeye kuliko mimi. Amwombe yeye. Siku akiweza kumwambia bibi yake nimekusamehe, nenda, atakwenda."

"Daktari anasema huenda asiseme," nikasema.

"Amesema hivyo, ndiyo." Akachukua kitita cha nepi. "Kwa hiyo ule, Ba. Ule vizuri. Unaweza kungoja muda mrefu."

Oktoba 21

Nilimpelekea Maharaj Saheb shauri hilo, nikitumaini atasema mtoto mchanga hahesabiki.

"Tunaomba msamaha hata kwa chungu tuliyemkanyaga," akasema. "Huyu unataka kumruka?"

Oktoba 29

Daktari alipomaliza na mtoto nilimwita.

"Nikiendelea kula ninavyokula, nina muda gani?"

Alinipima, akanivuta kope za chini, akaniambia nitoe ulimi, akagonga miguu yangu isiyosikia. "Moyo wako umechoka kwa sababu damu yako ni maji," akasema. "Na damu yako ni maji kwa sababu ile ile. Huna ugonjwa mwingine, Bi Hasumati. Ulikuwa unakufa ugonjwa wa mjukuu wako. Hivi hivi, hufiki kiangazi."

Msimu mzima niliuita uchovu huu utakatifu.

"Na nikichomwa?"

"Miaka. Sitaki kukutajia mingapi."

Mkoba wake ulikuwa bado wazi. Rujuta alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, Agam kiunoni, anatafuna ncha ya mtandio wa mama yake. Nilifungua kifungo cha mkono, nikapandisha nguo hadi begani. Mkono wangu ni mwembamba kuliko nilivyodhani. Daktari alimtazama Rujuta kwanza. Rujuta akatikisa kichwa kukubali, ndipo akachoma.

Novemba 2

Mwaka wetu mpya. Hakuna aliyekuja.

Novemba 9

Natembea hadi jikoni bila ukuta. Vidole vya miguu vinachoma kama moto. Daktari anasema ni uhai unarudi. Ulimi umepona. Nasikia ladha ya chumvi, na ni kali.

Novemba 15

Watawa wameondoka alfajiri, miguu mitupu, barabara kavu. Maharaj Saheb alisimama mlangoni kwetu akaniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia bado. Akasema vizuri, akaenda.

Rujuta ameanza kuuacha mlango wa chumba wazi mchana. Haniruhusu kuvuka kizingiti. Nimeweka kiti changu hapa nje, ninapoona mkeka wote. Agam alikaa mwenyewe leo, mgongo umenyooka, akagonga sufuria kwa kijiko muda mrefu. Mama yake anamwonyesha vitu na kuvitaja: kijiko, maji, paka, baba. Anavitaja tena. Mtoto anamtazama mdomo. Kidole kimetulia.

Nami nasema naye, chini ya pumzi, nisisikike: kijiko, maji, paka.

Hajasema neno. Nimekula chapati mbili na choroko, nikaomba ya tatu.